Gurudumu la Nne

Pedali ilianza kuzama msimu wa viazi.
Kwanza kidogo, kama godoro la wageni,
kisha siku moja, kona ya chini ya Kaserem,
mguu wangu ukafika sakafuni
na gari likaendelea na safari yake.
Nikarudi gia ya pili, injini ikapiga yowe,
hendibreki nikaivuta polepole kama ndoo ya kisimani,
tukasimama hatua tatu kutoka kwa muuza vitunguu.
Hakunitukana. Alinyanyua beseni lake, akasogea.

Musobo, mume wangu, akasema, "Ongeza oili tu."
Tumeongeza oili mwaka mzima.
Anayejaza mtungi uliotoboka
anaogopa kutazama chini yake.

Basi Jumapili nikaegesha uani, palipo sawa
(hapa Kapchorwa, mahali pa sawa hutafutwa).
Mawe nikayabana mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele,
jeki ikanyanyua, stendi zikabeba.
Jeki haiachiwi mzigo peke yake:
mjomba Mangusho aliiachia
na mpaka leo husalimia watu kwa mkono wa kushoto.

Labu ana miaka tisa na maswali ya miaka tisini.
"Mama, mguu wako unafikaje huko nyuma?"
Oili haikubali kubanwa, nikamwambia.
Ukiisukuma hapa, inasukuma kule,
inapita bomba jembamba kama mrija wa pombe ya mtama,
inatanua viatu viwili ndani ya ngoma
mpaka chuma kinachozunguka kitulie.
Hewa ndiyo inayobanika.
Hewa huitikia "ndiyo, ndiyo", kisha haifanyi kitu.
Labu akamtazama baba yake, akacheka.
"Na hilo vumbi usilipulize. Lete maji."

Gurudumu la kulia lilikuwa limelowa oili.
La kushoto lilikuwa kavu.
Kavu mno. Viatu vyake havijalika hata kidogo,
kama vya mtu asiyetoka nyumbani.
Nikafuata bomba kwa kidole, tope, kutu, tope,
hadi mahali ambapo mtu alilikata, akalikunja,
akalipiga nyundo
likafumba kama mdomo wa shahidi aliyelipwa.

"Ni mimi," akasema Musobo nyuma yangu.
"Silinda ilivuja muhula ule Labu aliporudishwa kwa ajili ya ada."

Miaka miwili.
Miaka miwili tumeshuka mlima kwa magurudumu matatu,
viazi mgongoni, mtoto katikati,
na mimi nikimsifu kwa gari kutovuja tena upande ule.

Sikusema neno. Nilinawa.
Kesho yake akapanda boda kwenda Mbale:
silinda mbili, viatu vya kulia, bomba jipya,
na oili yenye muhuri,
maana iliyokaa wazi hunywa unyevu wa hewa
na mteremkoni, breki zikipata moto, huchemka.
Alirudi na risiti. Sikuwa nimeiomba.

Jioni, yeye juu kwenye pedali, mimi chini na spana,
mpira mwembamba ukizama katika chupa.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshikilia."
Nalegeza nipo: povu, povu, kikohozi cha miaka miwili.
Nakaza. "Achia."
Akiachia kabla sijakaza, hewa inarudi yote
na kazi inaanza upya.
Hakuachia.
Mara ya kumi na tisa ikatoka oili tupu,
ya rangi ya asali changa, bila hata tone la upepo.

Nikajaribu uani kwanza, mwendo wa kuku,
kisha barabarani, gari tupu, bila mtoto.
Pedali ilisimama juu, ngumu kama ngazi ya kanisa.
Musobo alikaa kushoto, kimya,
na kila tulipofika konani
niliuona mguu wake wa kulia
ukikanyaga zulia.